Haidrojeni ya masalia ya shamba: gesi ipo, faida iko wapi?

MASALIA ya mashambani na viwandani ambayo kwa miaka mingi yamehesabiwa kuwa uchafu sasa yanatajwa kuwa mali ghafi ya kutengenezea haidrojeni, gesi ambayo nchi nyingi zinataka ishike nafasi ya mafuta na makaa ya mawe. Njia inayopendekezwa ni uchachushaji. Molasi, maji machafu ya viwanda vya muhogo, maganda ya kahawa mbivu au mabaki ya mkonge hutiwa ndani ya tangi lililofungwa, bakteria huyala, na gesi hutoka.

Kwa mfanyabiashara wa molasi, na kwa mwekezaji mdogo anayeombwa kununua hisa za mradi wa namna hii, jambo la kujua ni kama gesi hiyo inaweza kulipa gharama zake. Hesabu zinaonyesha kwamba haidrojeni peke yake haiwezi kulipia mali ghafi ambayo tayari ina mnunuzi. Mradi wenye matumaini ni ule unaopata masalia bure, au unaolipwa kuyaondoa, na ambao unauza pia kile kinachobaki tangini baada ya haidrojeni kutoka.

GESI INATOKAJE

Uchachushaji wa haidrojeni ni ndugu wa uchachushaji wa pombe. Katika pombe, hamira hula sukari na kutoa kilevi pamoja na hewa ya ukaa. Katika haidrojeni, kazi hufanywa na bakteria wasiotaka hewa, hasa wale wa jamii ya Clostridium. Hao hula sukari na kutoa haidrojeni, hewa ya ukaa na asidi, ikiwemo ile inayoifanya siki iwe kali.

Bakteria wenyewe si ghali. Wamo katika udongo, katika samadi ya ng'ombe na katika tope la mabwawa ya maji machafu. Tatizo ni kwamba wanaishi pamoja na vijidudu vingine vinavyokula haidrojeni na kuigeuza kuwa methani. Ndiyo maana tope la kuanzishia huchemshwa kwanza. Clostridium hutengeneza mbegu ngumu zinazostahimili moto, ilhali watengenezaji wa methani hufa. Baada ya hapo tangi huwekwa katika joto la nyuzi 35 hadi 37, au karibu nyuzi 55 kwa bakteria wapendao joto kali, na asidi huzuiwa isizidi kiasi.

Kazi hii ni ya haraka. Mchanganyiko hukaa tangini kwa saa kadhaa hadi siku moja au mbili, wakati tangi la methani mara nyingi huhitaji wiki mbili hadi nne. Kwa hiyo tangi la haidrojeni linaweza kuwa dogo, na hilo linapunguza mtaji. Gesi inayotoka huwa na haidrojeni kati ya asilimia 40 na 60 kwa kawaida. Sehemu iliyobaki karibu yote ni hewa ya ukaa, ambayo lazima iondolewe kabla gesi haijapelekwa sokoni.

BIASHARA YA ZAMANI KWA JINA JIPYA

Uchachushaji unaotoa haidrojeni si jambo geni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mkemia Chaim Weizmann, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Israel, alitumia Clostridium kuchachusha wanga wa mahindi ili kupata asetoni iliyohitajika katika utengenezaji wa baruti nchini Uingereza. Matangi yale yalitoa asetoni, butanoli na ethanoli, na juu yake gesi iliyokuwa mchanganyiko wa haidrojeni na hewa ya ukaa. Baada ya vita, kampuni ya Commercial Solvents ya Marekani iliiendeleza biashara hiyo, na katika miaka ya 1920 gesi ya matangi yake ilitumika kutengeneza methanoli.

Afrika nayo ina mfano wake. Mjini Germiston, Afrika Kusini, kiwanda cha National Chemical Products kilichachusha molasi kwa njia hiyo hiyo hadi mapema miaka ya 1980. Kilichokifunga hakikuwa bakteria wala mitambo. Ukame ulipunguza miwa, molasi ikaadimika, na hesabu za kiwanda hazikukubali tena.

Katika mifano yote hiyo, haidrojeni ilikuwa zao la pembeni. Bidhaa iliyolipa mishahara ilikuwa asetoni na butanoli. Wanaoleta mradi wa haidrojeni leo wanataka zao la pembeni liwe ndilo la kulipa mishahara, na hapo ndipo hesabu zinapobadilika.

TANI MOJA YA SUKARI INATOA NINI

Kikemia, bakteria hawa hawawezi kutoa zaidi ya molekuli 4 za haidrojeni kwa kila molekuli 1 ya glukosi. Kwa lugha ya mizani, tani moja ya sukari haiwezi kutoa zaidi ya kilo 45 za haidrojeni. Katika matangi mengi ya majaribio kinachopatikana ni karibu nusu yake, yaani kilo 22 hivi.

Kilo moja ya haidrojeni ina nishati sawa na ya lita 3.7 za petroli. Kwa kipimo hicho, tani moja ya sukari ikichachushwa kwa njia mbalimbali inaleta mavuno yafuatayo:

Haidrojeni: kilo 22, sawa na lita 80 hivi za petroli.

Ethanoli: lita 600 hivi, sawa na karibu lita 400 za petroli.

Methani: kilo 220 hivi katika tangi linaloendeshwa vizuri, sawa na karibu lita 350 za petroli.

Kwa maneno mengine, sukari ile ile ikipelekwa kwenye kiwanda cha ethanoli inaleta nishati karibu mara tano ya ile inayopatikana katika haidrojeni. Nishati iliyobaki haikupotea. Imebaki ndani ya maji ya tangi katika umbo la asidi. Katika mavuno ya kawaida, karibu sehemu tano kati ya sita za kile bakteria walichopewa zinabaki humo. Mwenye mradi asiyekuwa na mpango wa asidi hizo ametupa sehemu kubwa ya mali yake. Zaidi ya hayo, ana maji makali ambayo hayaruhusiwi kumwagwa mtoni bila kusafishwa.

Wapo wanaojibu kwamba haidrojeni hutumika vizuri zaidi kuliko petroli, na hilo ni kweli. Gari la haidrojeni kama Toyota Mirai, lililoanza kuuzwa Japani Desemba 2014, hugeuza gesi kuwa umeme na huweza kwenda kilometa 100 hivi kwa kilo moja. Gari la petroli linalokwenda kilometa 15 kwa lita lingefika kilometa 55 kwa nishati ile ile. Tofauti ya mara tano inapungua hadi chini ya mara tatu, lakini haiondoki. Isitoshe, faida hiyo inampata mwenye gari. Mwenye tangi haioni mpaka bei ya gesi yake ipande.

BEI YA MOLASI NDIYO INAYOAMUA

Molasi huwa na sukari ya kiasi cha nusu ya uzito wake. Tani moja ya molasi, kwa mavuno ya kawaida, inatoa kilo 11 hivi za haidrojeni. Kutokana na hapo, mfanyabiashara yeyote anaweza kujifanyia hesabu kwa bei yoyote ya soko. Kwa bei za mfano, gharama ya molasi peke yake katika kila kilo ya haidrojeni ni hii:

Molasi ya dola 20 kwa tani: dola 1.80 kwa kilo.

Molasi ya dola 50 kwa tani: dola 4.50 kwa kilo.

Molasi ya dola 100 kwa tani: dola 9.10 kwa kilo.

Hiyo ni kabla ya kulipia tangi, umeme, maji, wafanyakazi, kusafisha gesi na riba ya benki. Hata kama wataalamu wangefikisha mavuno kwenye mpaka wa kikemia, gharama hizo zingepungua kwa nusu tu. Molasi ya dola 100 bado ingeweka dola 4.50 katika kila kilo.

Mshindani wake ni haidrojeni inayotengenezwa kwa gesi asilia. Karibu haidrojeni yote inayotumika duniani, ambayo mwaka 2022 ilifika tani milioni 95, hutoka katika gesi asilia, makaa ya mawe na mafuta. Pale ambapo gesi asilia ni rahisi, kilo moja hugharimu dola moja hadi tatu hivi kiwandani. Marekani ilijiwekea mwaka 2021 lengo la kushusha haidrojeni safi hadi dola 1 kwa kilo katika muda wa miaka kumi. Molasi iliyo na bei sokoni haiwezi kushindana na takwimu hizo.

Na molasi ina bei. Katika Kenya, kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company cha Muhoroni hununua molasi kwa ajili ya spiriti. Katika Tanzania, Kilombero huigeuza molasi yake kuwa spiriti. Wafugaji nao huichanganya katika chakula cha ng'ombe. Mwenye tangi la haidrojeni angelazimika kumshinda bei kila mmoja wa wanunuzi hao, huku akipata nishati ndogo kuliko mwenye spiriti.

Ukubwa wa shehena nao unatisha. Kituo kinachotaka kutoa kilo 1,000 za haidrojeni kwa siku kingehitaji tani 90 hivi za molasi kila siku, yaani malori matatu ya tani 30. Nishati ya kilo hizo 1,000 ni sawa na lita 3,700 za petroli, ambazo ni chini ya mzigo wa lori moja dogo la mafuta.

MAKAPI NA PUMBA

Wapo wanaopendekeza kuachana na molasi na kutumia makapi ya miwa, mabua ya mahindi au maganda ya mpunga. Masalia haya ni mengi, lakini sukari yake imefungiwa ndani ya nyuzi ngumu. Bakteria hawaifikii mpaka nyuzi zivunjwe kwa mvuke, kwa asidi au kwa vimeng'enya, na kila njia ina gharama yake. Maganda ya mpunga yana pia silika nyingi, ambayo haichachuki kabisa.

Aidha, masalia mengi yanayoitwa uchafu tayari yana kazi. Makapi ya miwa huchomwa katika matanuri ya viwanda vya sukari vyenyewe. Maganda ya mpunga huchomea matofali. Pumba za mahindi na mashudu ya pamba na alizeti ni chakula cha mifugo chenye wanunuzi wake. Mnunuzi mpya akiingia, bei hupanda, na hesabu iliyoandikwa kwa masalia ya bure huharibika mwaka wa pili. Hali kadhalika, mabua ni mepesi na hujaza lori kabla hayajafikisha uzito, kwa hiyo nauli hula kilichookolewa katika bei.

MAJI YA MOTO

Gharama nyingine isiyotajwa sana ni joto. Bakteria wa haidrojeni hawapendi sukari nzito. Kwa kawaida molasi huongezwa maji hadi iwe na gramu 20 hivi za sukari kwa lita. Kwa kipimo hicho, tani moja ya sukari inahitaji lita 50,000 za maji.

Kupasha maji hayo kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 37 kunahitaji nishati ya lita 78 hivi za petroli. Haidrojeni inayopatikana humo ni sawa na lita 80. Mwenye tangi anayepasha maji baridi kwa mafuta ya kununua anakuwa amefanya kazi ya bure.

Nafuu inapatikana pale maji machafu yanapotoka kiwandani yakiwa tayari ya moto. Maji ya viwanda vya mafuta ya mawese hutoka yakiwa na joto la nyuzi 80 hadi 90. Mabaki ya viwanda vya spiriti nayo hutoka ya moto. Kwa mradi wa namna hiyo joto ni la bure, na maji hayanunuliwi. Vile vile, maeneo yenye joto ya pwani yana unafuu kuliko nyanda za juu, ingawa si mkubwa wa kuamua biashara.

Pamoja na joto ipo gharama ya dawa. Asidi inayotolewa na bakteria huwadhuru wenyewe, hivyo tangi huongezwa kostiki au chokaa ili ukali usizidi. Katika majaribio madogo gharama hii haionekani. Katika tangi la lita laki kadhaa ni ankara ya kila mwezi.

KUSAFISHA, KUSHINDILIA NA KUBEBA

Gesi ikishatoka, safari yake bado ni ndefu. Hewa ya ukaa huondolewa kwa mitambo inayoshika gesi moja na kuiachia nyingine ipite. Magari na mitambo ya kuzalisha umeme hutaka haidrojeni iliyo safi karibu kabisa, na kila hatua ya usafi hupoteza sehemu ya gesi.

Kisha hushindiliwa. Katika hali ya kawaida kilo moja ya haidrojeni hujaza mita za ujazo 11 hivi. Magari hubeba gesi iliyoshindiliwa kwa baa 350 au 700, na kufikia baa 700 hutumia karibu sehemu moja katika kumi ya nishati iliyomo. Kuigeuza iwe kimiminika huhitaji ubaridi wa nyuzi 253 chini ya sifuri.

Kwa mfanyabiashara wa kawaida, mfano mzuri ni silinda. Silinda ya chuma ya lita 50, ikishindiliwa kwa baa 200, hubeba chini ya kilo moja ya haidrojeni, ilhali chuma chenyewe huzidi kilo 50. Lori hubeba chuma kwenda na chuma kurudi.

Hata hivyo, udhaifu huo wa kubeba ndio unaompa mzalishaji mdogo nafasi. Bei ya dola moja au tatu ni ya haidrojeni iliyo kwenye lango la kiwanda kikubwa cha mbolea au cha kusafisha mafuta. Mnunuzi mdogo aliye mbali, kama kiwanda kinachogandisha mafuta ya kula kwa haidrojeni, hulinganisha na bei ya gesi iliyofikishwa mlangoni kwake, ambayo ni kubwa zaidi. Mzalishaji aliye jirani naye haguswi na nauli. Soko hilo lipo, lakini ni dogo, na wateja wake wanahesabika.

MATANGI MAWILI BADALA YA MOJA

Mpango unaopewa nafasi kubwa na wataalamu ni wa matangi mawili. La kwanza hutoa haidrojeni kwa siku moja au mbili. Maji yake yenye asidi huingia tangi la pili, ambako vijidudu vya methani huzila asidi hizo. Huko Taiwan, Chuo Kikuu cha Feng Chia ni miongoni mwa taasisi zilizojenga mitambo ya majaribio ya uchachushaji wa haidrojeni nje ya maabara.

Kwa tani ile ile moja ya sukari, tangi la kwanza lingetoa haidrojeni sawa na lita 80 za petroli, na la pili methani sawa na lita 280 hivi. Jumla ni lita 360. Tangi moja la methani peke yake lingetoa karibu lita 350.

Mwekezaji aziangalie takwimu hizo mbili kwa makini. Matangi mawili hayaleti nishati nyingi kuliko moja. Yanachofanya ni kuihamisha sehemu ya nishati kutoka methani kwenda haidrojeni, na pengine kulifanya tangi la methani lifanye kazi haraka na kwa utulivu zaidi. Kwa hiyo gharama ya tangi la nyongeza, pamoja na mitambo ya kusafishia, lazima ilipwe na tofauti ya bei kati ya haidrojeni na methani. Pale ambapo hakuna mnunuzi anayeilipa haidrojeni bei ya juu kuliko methani, tangi la pili halina wa kulilipia.

Ipo njia ya katikati. Gesi za matangi yote mawili zinaweza kuchanganywa na kutumika kama gesi ya magari, kwa kuwa haidrojeni kidogo huisaidia methani kuungua vizuri. Mjini Delhi, India, Oktoba 2020 yalianza majaribio ya mabasi 50 yanayotumia gesi asilia iliyochanganywa na haidrojeni ya asilimia 18. Dar es Salaam, ambako magari na bajaji za gesi asilia iliyoshindiliwa zimeongezeka, ina angalau sehemu ya vifaa vinavyofanana na hivyo. Lakini hapo gesi ya masalia ingelazimika kushindana na gesi ya Songo Songo, ambayo haihitaji kulishwa wala kupashwa joto.

MFANO WA HALE

Afrika Mashariki imekwisha kujaribu hatua ya kwanza ya biashara hii. Jani la mkonge hutoa singa chini ya asilimia 5 ya uzito wake. Yaliyobaki yote ni maji na tope ambalo zamani lilitupwa. Huko Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ikisaidiwa na shirika la UNIDO na Common Fund for Commodities ilijenga, mwishoni mwa miaka ya 2000, mtambo wa awali wa kilowati 150 wa kuchachusha mabaki hayo na kutoa umeme.

Wahandisi wa Hale walichagua methani, na sababu zake zinaeleweka kwa hesabu zilizotajwa hapo juu. Methani hutoka kwa wingi, huungua katika injini inayopatikana sokoni, haihitaji usafi mkubwa, na umeme wake una mnunuzi papo hapo. Kinachotoka tangini hurudishwa shambani kuwa mbolea. Sifa kubwa ya mradi kama huo ni kwamba mali ghafi iko kiwandani tayari, haina mnunuzi mwingine na haina nauli.

Mradi wowote wa haidrojeni unaotaka kukubalika hauna budi kwanza kuonyesha kwamba unauzidi mradi wa namna ya Hale.

SOMO KWA WENYE HISA

Wenye hisa wadogo wa Kenya wanakumbuka Mumias Sugar, iliyoingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001. Mwaka 2009 kampuni ilianza kuuza umeme wa makapi ya miwa, na mwaka 2012 ilizindua kiwanda cha ethanoli ya molasi. Mipango yote miwili ilikuwa ya busara kwenye karatasi. Miwa ilipopungua na madeni yalipozidi, makapi na molasi navyo vilipungua, na Septemba 2019 kampuni iliwekwa chini ya mrasimu. Zao la pembeni haliwezi kuiokoa biashara ambayo zao lake kuu limeanguka, kwa kuwa yote mawili hutoka shamba moja.

Katika masoko ya ng'ambo, jina la haidrojeni limewaumiza wengi. Hisa za Plug Power ya Marekani zilivuka dola 60 Januari 2021, na mwaka 2025 zilifika chini ya dola moja. Nikola, iliyotangaza malori ya haidrojeni na kuingia soko la hisa mwaka 2020, iliomba kinga ya mufilisi Februari 2025. Shell ilitangaza mwaka 2024 kufunga vituo vyake vya haidrojeni vya magari madogo huko California. Makampuni hayo hayakuwa ya uchachushaji, lakini ndiyo wanunuzi na wasambazaji ambao mzalishaji wa gesi angewategemea.

Kenya ilitangaza mkakati wake wa haidrojeni Septemba 2023, na mkazo wake uko kwenye umeme wa jotoardhi, jua na upepo, ambao hutenganisha maji ili kupata haidrojeni ya kutengenezea mbolea. Njia hiyo hula kilowati-saa 50 hadi 55 kwa kilo, na ndiyo itakayokuwa mshindani wa pili wa masalia ya shamba.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTOA FEDHA

Mwenye mradi akifika na karatasi zake, maswali matano yanatosha kutenganisha biashara na ndoto.

Kwanza, masalia ni ya nani leo, na nani anayanunua? Kama yana mnunuzi, aonyeshe mkataba wa bei wa miaka kadhaa. Kama ni ya bure, aonyeshe barua ya kiwanda kinachoyatoa.

Pili, mavuno ni kilo ngapi kwa tani ya sukari? Takwimu inayozidi kilo 45 kwa uchachushaji huu wa kawaida ni kosa la hesabu au ni udanganyifu. Takwimu inayozidi 30 inahitaji ushahidi wa tangi kubwa lililofanya kazi kwa miezi, siyo chupa ya maabara.

Tatu, joto linatoka wapi? Jibu zuri ni maji ya moto ya kiwanda. Jibu baya ni kuni, dizeli au umeme wa kununua.

Nne, asidi zinakwenda wapi? Asiyekuwa na tangi la methani, mnunuzi wa asidi au mahali pa kuzitumia hajamaliza kupanga mradi.

Tano, nani ananunua haidrojeni, kwa bei gani, na yuko umbali gani? Jibu la kwamba "soko la dunia linakua" halilipi mshahara wa mlinzi.

MWELEKEO

Kwa wauzaji wa molasi, hakuna dalili ya kutarajia mnunuzi mpya mkubwa kutoka upande wa haidrojeni. Bei yao itaendelea kufuata msimu wa miwa, mahitaji ya spiriti na chakula cha mifugo. Kwa viwanda vyenye maji machafu ya moto na yenye sukari au wanga, vinavyolipa leo ili kuyaondoa, tangi la methani ndilo la kujengwa kwanza. La haidrojeni linaweza kutangulizwa mbele yake siku mnunuzi wa karibu atakapojitokeza.

Kwa mwekezaji mdogo, hisa za kiwanda ambacho kingepata faida hata bila haidrojeni zinaweza kufikiriwa. Hisa za kiwanda ambacho faida yake yote inangoja bei ya haidrojeni ipande ni za kuachiwa wale wenye fedha za kupoteza.